Ali bin Ridhwan, Tabibu wa Misri, na Nyota ya Mwaka 396

Jina lake ni Abul-Hasan Ali bin Ridhwan. Alizaliwa Giza, ng'ambo ya Nile ielekeayo mji wa Fustat, karibu na mwaka 988 wa Miladi, katika zama za utawala wa Mafatimi. Babake alikuwa muoka mikate, na hakumwachia mali wala jina. Twalitaja jambo hili mwanzo kwa kuwa wangalipo miongoni mwetu wadhanio kwamba ilimu ni urithi wa majumba fulani, na kwamba mtoto wa muoka mikate fungu lake ni tanuri. Yeye mwenyewe aliandika khabari za maisha yake, na hizo ndizo tuzitegemeazo hapa, pamoja na yale yaliyohifadhiwa na Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa tarekhe za matabibu aliyekuja karibu miaka mia mbili baada yake.

Alianza kusoma akiwa na umri wa miaka sita. Alipotimia kumi akahamia mjini, na alipofika kumi na nne akaingia katika utabibu na falsafa. Cha kumlipa mwalimu hakuwa nacho. Basi akawa akikaa njiani akiwapigia watu falaki kwa malipo kidogo, mara nyengine akitibu, mara nyengine akisomesha, na usiku akivisoma vitabu vya Bukrati, Jalinusi na Batlimusi. Dhiki hiyo ilimwandama mpaka akapata miaka 32, ndipo jina lake likaanza kutajwa kwa utabibu, naye akapata cha kumtosha na kusaza.

Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, angali mwanzoni mwa masomo yake, yalipotokea yale ambayo kwayo jina lake latajwa leo na watu wasiojua hata dawa moja katika dawa zake. Mwishoni mwa Rajabu mwaka 396, nayo ni tarehe 30 Aprili 1006, aliona upande wa kusini nyota ambayo haikuwako. Ilikuwa katika daraja ya kumi na tano ya buruji ya Akrabu, na jua likiwa katika daraja ya kumi na tano ya Thauri, yaani nyota na jua zimekabiliana, hili likichwa na ile yachomoza. Aliikadiria kuwa kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au mara tatu. Akasema kwamba ilikuwa mviringo, yametameta sana, na upeo wa mbingu wang'aa kwa mwanga wake, na mwanga huo wazidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Kisha akaandika siku ile kila sayari ilikuwa katika buruji gani na daraja ya ngapi. Nyota ilibaki ikienda na mbingu kila siku mpaka jua lilipoingia Sumbula, ndipo ikatoweka.

Hakuwa peke yake aliyeiona. Huko Iraki iliandikwa kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa, mwanzo wa Shaabani, ilionekana nyota kubwa mfano wa Zuhura, kushotoni mwa kibla cha watu wa Iraki, na miale yake juu ya ardhi kama miale ya mwezi, ikakaa mpaka nusu ya Dhul-Qaada. Mwenye kuzilinganisha tarehe ataona kuwa nusu ya Dhul-Qaada mwaka ule ni katikati ya Agosti, na jua huwa laingia Sumbula siku zizo hizo. Watu wawili waliokuwa mbali mbali, mmoja akihesabu kwa miezi na mwengine kwa buruji, wakafika pahali pamoja. Yemen nako iliandikwa, na yadhihirika kuwa watu wa Yemen waliiona mapema zaidi, karibu na nusu ya Rajabu. Wachunguzi wa siku hizi wameona pia katika kitabu cha Shifaa cha Ibn Sina maneno juu ya nyota iliyokaa karibu miezi mitatu, ikibadilika rangi na kufifia, nao wanaona kuwa ndiyo hii. Watawa wa Kinasara wa St. Gallen, katika milima ya Uswisi, waliiona chini kabisa, karibu igusane na vilele. Wachina waliipeleka khabari kwa mfalme wao, nao wakaendelea kuiona kwa muda mrefu kuliko wengine wote.

Hapa yataka tuseme neno juu ya nchi zetu. Kuna ndugu zetu wa darasa wafanyao biashara Kambu, katika Makueni, pale katika njia kuu ya Nairobi baina ya Mtito Andei na Kibwezi, na wao ndio waliotuuliza kama yawezekana mbinguni pawe na nyota leo ambayo jana haikuwako. Wana haki ya kuuliza, kwani sisi wa mjini tumezibiwa mbingu na mataa ya njiani, nao wakitoka nje ya maduka yao saa nne za usiku huziona nyota mpaka chini kwenye milima ya Chyulu. Basi na wajue kwamba nyota ile haikupendelea Misri. Kutoka Fustat ilipofika juu kabisa ya mwendo wake ilikuwa daraja ishirini na moja hivi juu ya upeo, na kutoka St. Gallen ilikuwa daraja nne tu. Lakini kwa kuwa ilikuwa nyota ya kusini, mtu aliyesimama Kambu au Mombasa mwaka ule aliiona daraja hamsini na kitu, juu ya kichwa kuliko usawa wa macho, safi, haina vumbi la upeo. Katika kisiwa cha Pate, pale Shanga, palikuwa na Waislamu na msikiti siku hizo. Majirani wa bara nao walikuwa na macho. Waliotuachia maandishi ni watu wa kaskazini, walioiona vibaya zaidi kuliko babu zetu.

Mwenye kutaka kupajua pahali pake, na atazame kusini usiku wa Mei au Juni. Kushotoni mwake ataiona Akrabu na mkia wake uliokunjika, na kuliani, chini kidogo, zile nyota mbili kali za Kantauri. Baina ya hizo pana nyota za wastani ambazo Waarabu waliziita Sabuu, yaani mnyama wa mwitu. Ni hapo, na kwa macho hapaonekani kitu.

Sasa twarejea kwa Ali bin Ridhwan, na kwa jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Khabari hii ya nyota aliiandika katika sharhe yake ya kitabu cha Batlimusi cha unajimu, kitabu cha kutabiri mambo ya watu kwa nyota. Baada ya kuieleza nyota, akaifungamanisha na mashaka yaliyowapata Waislamu: vita vya wao kwa wao, miji iliyoharibika, ukame, bei kupanda, njaa, na maelfu waliokufa kwa upanga na kwa kukosa chakula. Mambo hayo yalitokea kweli, lakini kwamba nyota ndiyo iliyoyaleta au kuyatangaza, hilo halina dalili. Kila Muislamu ajua kwamba jua lilipopatwa siku aliyokufa Ibrahimu, mwana wa Mtume (Rehema na Amani zimshukie), na watu wakanong'ona kuwa limepatwa kwa ajili ya mtoto, Mtume aliwakataza, akawafunza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na kama hayo ni ya jua na mwezi, nyota ya Sabuu ina nini zaidi? Wale wakaao vibarazani wakiwatolea wanawake wetu buruji zao kwa shilingi mia mbili, wakijidai kuwa hiyo ni ilimu ya wazee, na wajue kwamba mzee wao mkubwa aliifanya kazi hiyo kwa kukosa chakula.

Hata hivyo insafu yataka tuseme na la pili. Ali bin Ridhwan alitafsiri vibaya, lakini aliandika vizuri. Hakuipunguza nyota wala hakuiongeza ili ilingane na tafsiri yake. Aliweka daraja, akaweka ukubwa, akaweka siku, akaweka sayari zote mahali pake. Laiti angeandika kwamba ilitokea nyota ya kutisha na watu wakafa, kama walivyoandika wengi katika zama zote, pasingekuwa na mtu wa kumtaja leo kwa ajili yake.

Alipokwisha kupata jina, akafanywa mkubwa wa matabibu wa Misri. Katika vitabu vyake tukipendacho zaidi ni kile cha kukinga maradhi ya mwili katika nchi ya Misri, alichokitunga kumjibu Ibn al-Jazzar, tabibu wa Kairawani aliyeandika juu ya uchafu wa hewa ya Misri. Ndani yake Ibn Ridhwan aupita mji wa Fustat mtaa kwa mtaa: majumba marefu na vichochoro vyembamba visivyopita upepo, mizoga ya paka na mbwa iliyotupwa njiani ikaoza, vyoo vimiminavyo katika Nile ambayo watu wainywa maji yake, moshi wa majiko ya hamamu. Msomaji akivua jina la Fustat na kuweka la mji wake, huenda asipate haja ya kubadilisha mengi.

Tabia yake haikuwa laini. Aliwashambulia matabibu waliomtangulia na wa zama zake pia. Kwa kuwa alijisomea mwenyewe, alishika rai kwamba kujifunza katika vitabu ni bora kuliko kujifunza kwa waalimu. Mwaka 1049 akaja Misri kutoka Baghdadi tabibu wa Kinasara, jina lake Ibn Butlan, mtu mwenye ulimi na maskhara, na wakatoka kugombana juu ya suali la kuchekesha: kifaranga cha kuku na kinda la ndege, kipi chenye tabia ya joto zaidi. Kutoka hapo wakaingia katika lililo zito, nalo ni vitabu na waalimu. Ibn Butlan alitoa hoja kadhaa kwamba mwalimu hushinda kitabu, kwani kitabu hakijui ulipokosea, na maandishi huweza kuharibika kwa mwandikaji, na nafsi hupokea kwa nafsi mwenziwe wepesi zaidi. Katika hilo sisi twamwunga mkono Mnasara, wala hatuoni haya. Lakini ni kweli pia kwamba asiyekuwa na cha kumlipa mwalimu, naye ana haki ya kusoma.

Ugomvi ukatoka kwenye hoja ukaingia kwenye nyuso. Ibn Ridhwan alikuwa mweusi wa rangi, si mzuri wa sura, na Ibn Butlan akamfanyia dhihaka akamwita mamba wa majini. Yeye akajibu kwa kutunga risala kuthibitisha kwamba uso mzuri si sharti ya tabibu, na akawataka matabibu wa Misri wamsuse mgeni yule. Ibn Butlan akaondoka, akenda Kostantiniya.

Na hapo pana ajabu ambayo hatukuweza kuipita. Mwaka 446, nao ni 1054, ilitokea nyota nyengine mpya, safari hii katika buruji ya Jauza, na aliyeiandika kwa Kiarabu ni huyo huyo Ibn Butlan. Yeye naye aliifungamanisha na tauni: akataja watu 14,000 waliozikwa Kostantiniya katika msimu wa baridi kuingia, na wengi waliokufa Fustat mwaka uliofuatia. Maadui wawili wa kifaranga na kinda, kila mmoja akaiandikia dunia nyota yake, na kila mmoja akafanya kosa lile lile juu ya maana yake.

Mwisho wa Ibn Ridhwan ulikuwa wa huzuni. Katika njaa kubwa iliyoishika Misri alimchukua mtoto yatima wa kike akamlea nyumbani kwake. Siku moja alipomwacha peke yake, msichana alichukua vitu vya thamani na dhahabu yapata dinari elfu ishirini, akatoroka, wala khabari yake haikupatikana tena. Yasemwa kwamba tangu hapo hali ya Ibn Ridhwan ikageuka na akili ikamyumba. Akafa karibu na mwaka 453 (1061). Sharhe yake ilifasiriwa kwa Kilatini na kupigwa chapa Venice mwaka 1493, na watu wa Ulaya wakaisoma kwa ajili ya utabiri, nyota ile ikibaki ndani ya kurasa haina wa kuishughulikia.

Mwaka 1965 mwanachuoni mmoja wa Kimarekani, Bernard Goldstein, alizichukua zile daraja za sayari akazipiga hesabu, zikamtolea siku moja: 30 Aprili 1006. Mwaka uo huo, huko Parkes, Australia, waliokuwa wakisikiliza mbingu kwa darubini za redio waliukuta mahali pale duara la mwanga wa redio, upana wake mbinguni ni kama wa mwezi mpevu. Lilikuwa ni jivu la nyota ya Ibn Ridhwan. Jivu hilo lingali latanuka. Liko mbali kiasi cha mwanga kutembea miaka 7,000 hivi kutufikia, na mwanga hukata kilomita 300,000 kwa sekunde moja.

Basi jawabu la ndugu zetu wa Kambu ni kwamba nyota ile haikuzaliwa siku ile, bali ilikufa. Kuna nyota zilizomaliza moto wake, zikasinyaa mpaka ukubwa wa dunia yetu, ilhali uzito wake ni kama wa jua. Huitwa vibete vyeupe. Kibete kama hicho kikiwa peke yake hupoa polepole. Lakini kikipata uzito wa kuzidi, kikakaribia uzito wa jua mara moja na nukta nne, kaboni iliyomo huwaka yote kwa pamoja na nyota yote hutawanyika, isibaki hata kokwa. Mlipuko huo wapika chuma kwa wingi, na sehemu kubwa ya chuma cha ulimwengu, hata kile kiufanyacho mwekundu udongo wa Kambu, yatoka katika milipuko ya namna hiyo. Nyota ya Ibn Butlan ni ya jinsi nyengine: ilikuwa nyota kubwa iliyoangukia ndani, ikaacha kokwa ndogo izungukayo mara thelathini kwa sekunde, iliyotambuliwa mwaka 1968.

Ambalo halijakatika ni hili: nani aliyekiongezea uzito kibete cha mwaka 396? Wengine walisema alikuwa na mwenziwe, nyota nzima, akimnyonya. Ikiwa ndivyo, mwenziwe huyo hakufa, na lazima awepo pale hata leo. Mwaka 2012 wachunguzi walitangaza kwamba wamezipekua nyota za katikati ya jivu lile wasimwone mwenzi mkubwa wa namna iliyotazamiwa. Kwa hivyo wengi wakaelekea kwenye kauli ya pili, kwamba walikuwa vibete wawili waliozungukana mpaka wakagongana wakaangamia pamoja. Na kuna kauli ya tatu, kwamba kibete chaweza kulipuka kabla ya kufika ule uzito, moto ukianzia katika tabaka ya heliamu juu yake na kuisukuma kaboni ndani. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba jivu la nyota nyengine, katika Wingu Kubwa la Magellan, laonyesha tabaka mbili za kalsiamu kama inavyotakiwa na kauli hiyo. Pengine zote tatu ni kweli, kila moja kwa nyota zake. Ya Ibn Ridhwan bado haijahukumiwa.

Jambo la pili ni miale ipigayo dunia kutoka mbali, iliyogunduliwa na Victor Hess mwaka 1912, na tangu siku hizo watu wauliza yatoka wapi. Ilionekana mwaka 1995 kwa setilaiti ya Kijapani kwamba kingo mbili za jivu la mwaka 396 zang'aa kwa eksirei zitokazo kwa chembe zirushwazo kwa kasi ya ajabu, na mwaka 2010 darubini zilizoko Namibia zikathibitisha kuwa kingo zizo hizo zatoa miale ya gama. Hayo yathibitisha elektroni. Ama protoni, ambazo ndizo nyingi katika miale hiyo, kama nazo zapata kasi yake yote hapo, wangali wagombana. Ilimu hii ya kuitazama mbingu kwa eksirei si ngeni kwetu, kwani setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru.

La tatu ndilo kubwa. Kwa sababu milipuko ya vibete hufanana mwanga, mtu aweza kuitumia kupimia masafa, kama mwenye kuikadiria njia kwa ukali wa taa azijuazo. Mwaka 1998 makundi mawili ya wachunguzi yaliipima milipuko iliyo mbali sana, wakaikuta hafifu kuliko walivyotazamia. Maana yake ni kwamba ulimwengu watanuka na kutanuka kwake kwaongeza kasi. Kinachousukuma wamekipa jina la nishati ya giza, wakakikadiria kuwa karibu sehemu 68 katika mia za vyote viliopo, na jina hilo ni kukiri kwamba hawajui ni nini. Tangu mwaka 2024 vipimo vilivyofanywa Arizona vimeanza kuonyesha kuwa huenda nishati hiyo yapungua nguvu, lakini dalili haijatosha kukata shauri. Na wenye kupima kasi ya kutanuka wenyewe hawajapatana: wapimao kwa milipuko hii wapata 73, na waipimao kwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu wapata 67, na kila upande waona hesabu yake haina ila. Mizani hiyo ya milipuko yaegemea juu ya vibete, na kibete kilicholipuka karibu nasi zaidi, mbele ya macho ya watu walioweza kuandika, ni kile cha Akrabu, ambacho hata sasa haijajulikana kililipuka kwa sababu gani.